Mianya Katika Gemu: Nani Anaumia?

Katika Skyrim, gemu ya Bethesda iliyotoka mwaka 2011, safari ya kuwa shujaa asiyeshindika inaweza kuanza kwa chumvi na samaki aitwaye Abecean longfin. Ukivichanganya unapata dawa ya kukuza ustadi wa uponyaji. Unainywa, unavua pete na mkufu ulivyovitia uchawi wa kukuza ustadi wa kutengeneza dawa, kisha unavivaa tena. Programu inakosea hesabu: inaupandisha uchawi wa pete kana kwamba nao ni uponyaji. Dawa inayofuata inatoka kali zaidi, na ya tatu inaizidi hiyo. Ukirudia mara chache, unapata dawa za uhunzi zinazokuwezesha kufua upanga unaomwangusha dragoni kwa pigo moja. Ukipitiliza, tarakimu zinafurika na gemu inazimika.

Wapo wanaosema mianya kama huu inaua gemu za uhusika, na hoja yao ina uzito. Gemu hizi zinaishi kwa kukua polepole. Unaanza mnyonge, unachagua upinde ukaacha uchawi, unanunua ngao ukakosa farasi, na kila uamuzi una gharama yake. Gharama ikifutwa, uamuzi unakosa maana.

Hata hivyo, Skyrim unaicheza peke yako. Dawa ile haimvamii mtu njiani. Ni lazima uitafute, uikusanyie viungo, uvue na kuvaa kwa makusudi. Asiyeitaka anamaliza hadithi yote bila kujua kwamba ipo. Tena wachezaji wenyewe walitengeneza kiraka, Unofficial Skyrim Patch, kinachoziba mwanya huo, na mwenye kuutaka uzibwe anakiweka. Sioni aliyeumia.

Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja: je, mchezaji asiyeutumia mwanya anaulipia? Kama anaulipia, uzibwe, hata katika gemu ya mtu mmoja. Oblivion ya mwaka 2006 ndiyo inayonishawishi. Humo unapanda daraja baada ya kuongeza pointi 10 katika stadi zako kuu, na maadui wanapanda pamoja nawe. Nyongeza ya nguvu unayopewa inategemea stadi ulizozifanyia mazoezi katika daraja lile. Mjanja aliweka stadi asizozitumia kuwa ndizo kuu, akapanda kwa wakati aliotaka, na kila mara akavuna nyongeza kubwa. Mchezaji wa kawaida aliyechagua stadi alizozipenda alipanda haraka na nyongeza hafifu, mpaka akashangaa kukutana na jambazi wa barabarani aliyevaa dirii ya thamani ya kioo, anayemdai sarafu 100 tu. Hapo aliyecheza kwa moyo mweupe ndiye aliyeadhibiwa, na huo ni uharibifu wa kweli wa mizani ya gemu.

Kwenye gemu za watu wengi jambo hili halina mjadala mrefu. Mwezi Mei 2013, kiraka cha Diablo III kiliruhusu kiasi kikubwa zaidi cha dhahabu kuuzwa kwa mkupuo kwenye soko lake la mnada. Hesabu ikafurika, na aliyeghairi mauzo akarudishiwa dhahabu nyingi kuliko aliyoweka. Waliokuwa wamekusanya yao kwa kuua mazimwi usiku kucha waliona thamani yake ikiyeyuka bila kosa lao. Blizzard, watengenezaji wa gemu hiyo, walifunga soko mara moja na kuzifungia akaunti za waliofaidika, na walifanya sawa.

Kinachonisikitisha ni watengenezaji wanaotumia ukali huohuo mahali usipohitajika. Elden Ring ilitoka Februari 2022, na mwezi uliofuata FromSoftware wakaipunguza nguvu Mimic Tear, roho inayojigeuza nakala ya mchezaji na kumsaidia vitani. Roho hiyo haiitwi katika mapambano baina ya wachezaji. Aliyeitumia alikuwa mtu aliyekwama kwa bosi mgumu, akapata mwenzake wa kupigana naye, na aliyetaka kupigana peke yake hakuzuiwa na yeyote. Kiraka kile kilichukua nafuu ya mmoja bila kumpa mwingine chochote.

Kwa hiyo, watengenezaji, kabla ya kushusha nguvu ya silaha au dawa, mtafuteni kwanza mchezaji anayeumizwa nayo. Msipompata, iacheni ilivyo, na muda huo uelekezeni kwenye makosa yanayomwadhibu asiye mjanja.