Toyota ya Wachina Inaundwa Tianjin, Lamu Tuko na Punda na Gati Tatu

Wasee, ukishuka jeti pale Lamu mjini, ndai ya kwanza utakutana nayo ni punda. Hiyo haina noma, vichochoro ni vyembamba na ndio raha ya mji wenyewe. Lakini vuka upande wa bara, hadi Kililana, utapata bandari ya nguvu yenye gati tatu, iliyojengwa na kampuni ya China, CCCC. Uhuru aliifungua Mei 20, 2021.

Swali ni moja: hii bandari itatupea kazi, ama tutabaki kutazama meli zikipita?

Cheki hii stori. Kuna sedani ya umeme inaitwa Toyota bZ3. Jina ni la Mjapani, betri ni ya BYD, na inaundwa na FAW Toyota kule Tianjin kwa ajili ya soko la China. Usukani uko kushoto, kwa hivyo hata uipate kwa bei ya kutupa, barabara zetu sio zake.

Mbona Toyota haikuiunda tu kwao Japan halafu ikaipakia kwa meli? Hapo sasa ndio kuna mambo. Kwa miaka mingi China iliambia makampuni ya nje: mnataka kuuzia watu wetu magari? Poa, lakini ukitaka kiwanda hapa, ingia ubia na kampuni yetu, na hisa zako zisipite nusu. Volkswagen ilitia sahihi ya ubia wa Shanghai 1984. Sheria hiyo ilianza kulegezwa 2018, na kwa magari madogo ikaisha 2022. Kufikia hapo mwanafunzi alikuwa ameiva. Leo Mjapani ndiye anachukua betri kwa Mchina.

Najua utasema sisi hatuna soko la watu zaidi ya bilioni. Ni kweli. Lakini si ati hatuwezi. Basi za umeme za BasiGo, zenye teknolojia ya BYD, zinaunganishwa Thika. Mombasa pia wako na kiwanda cha kuunganisha magari tangu kitambo. Lamu je?

Na Lamu ishalipa bei. Ujenzi wa bandari uliharibu sehemu za kuvulia samaki, hadi 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Pesa huisha, buda. Baba akikosa bahari, kijana wake atarithi nini?

Kwa hivyo mwanasiasa akikuja kujisifu meli ngapi zimetia nanga, usipige makofi haraka. Muulize masharti. Kiwanda gani kinakuja, nani atafunza ufundi, na vijana wangapi wa Faza, Siyu na Mpeketoni watapewa kazi yenye mshahara, sio kibarua cha siku mbili?

China iliuliza hayo maswali mapema. Sisi tunangoja nini?