Fundi Asiyepima na Mwalimu Asiyeuliza

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu anaijua vyema barabara ile. Hupanda na kushuka mabonde yaliyochimbwa na mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya, na kabla ya kumaliza kona moja huwa amekwisha kukutana na nyingine. Katika daraja la mto Nithi, mnamo Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sitaki kuzungumzia hapa chanzo cha ajali ile. Nasema tu kwamba hapo si mahali pa dereva kuendesha gari asione aendako.

Nami nilipita hapo bila kuona. Ilikuwa jioni ya mwezi uo huo wa Julai, miaka michache baadaye. Manyunyu yalikuwa yakianguka na baridi ilikuwa kali. Tulipoanza kuuteremka mteremko wa kuelekea darajani, kioo cha mbele cha gari langu kilijaa ukungu kutoka ndani, kikawa cheupe kama shuka. Nilipangusa kwa kitambaa, ukungu ukarudi. Mke wangu alifungua dirisha, akatoa kichwa nje mvuani na kunielekeza, kushoto kidogo, kulia kidogo, hadi tulipovuka. Hatukusemezana tena mpaka Nkubu.

Gari lenyewe ni la kifahari, au lilikuwa hivyo zamani. Limetoka Ujerumani na umri wake umepita miaka 30. Ni katika magari ya namna ile yaliyowafanya wananchi wa Afrika Mashariki wabuni neno ‘Wabenzi’ kwa ajili ya wakubwa waliojitenga nao. Lilipofika mikononi mwangu, mimi mwalimu mstaafu wa Fizikia, fahari yake ilikuwa imebaki katika viti vya ngozi tu. Kosa halikuwa la waliolitengeneza. Kila kitu huchakaa. Kisa changu kinahusu jinsi tulivyoshughulikia ubovu wake, maana humo nimeona kasoro ya ufundi wetu na ya elimu yetu pia.

Gari lilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni ukungu huo wa kioo. La pili ni kiyoyozi kilichotoa hewa ya uvuguvugu, hata nilipokuwa nikikatiza uwanda wa Mwea au nikiteremka kwenda Isiolo, kunakochoma jua. Nililipeleka kwa fundi wa kwanza. Hakuniuliza neno. Alifungua boneti, akatikisa kichwa na kusema, “Gesi imeisha, mwalimu.” Akajaza gesi, nikalipa. Baridi ilidumu wiki mbili.

Fundi wa pili, katika mji mwingine, aliona kuwa kompresa haizunguki. Akaihukumu kuwa imekufa, akaing’oa na kuniuzia nyingine iliyotumika. Nayo haikuzunguka. Fundi wa tatu aliukabili ukungu. Alisema joto la injini ndilo linaloleta mvuke ndani, basi akaikata mipira ipelekayo maji moto kwenye redieta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi na kuiunganisha kando. Tangu siku hiyo nikakosa hata ile hewa ya moto niliyozoea kuielekeza kiooni, na ukungu ukazidi. Katika hali hiyo ndipo nilipofika kwenye mteremko wa Nithi.

Msomaji ataniuliza mimi nilikuwa wapi wakati haya yote yakitendeka. Nilikuwa nimesimama kando, nimefunga mikono, natoa pesa. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa Embu na Meru kwamba hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi, mvuke wake hugeuka matone. Niliwachorea ubaoni gilasi ya maji baridi inayotoka jasho mezani. Lakini kioo cha gari langu kilipotoka jasho, sikujiuliza swali la mwanafunzi wa kidato cha pili: je, unyevu huo watoka wapi? Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi sikuthubutu hata kujipima.

Aliyeuliza ni msichana mmoja aliyekuwa katika mafunzo ya kazini kwenye gereji ndogo, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Kabla ya kugusa spana alitoa daftari. “Mwalimu, ukungu huanza gari likiwa limelala nje au hata likilala ndani? Huzidi siku za mvua? Ukiugusa hunata kidoleni? Una harufu tamu?” Nilimwuliza harufu ina maana gani. Akanieleza kwamba redieta ile ndogo ikitoboka, maji ya injini yaliyochanganywa na dawa huvuja kwa ndani, na mvuke wake huacha utando wa mafuta kiooni wenye harufu ya sukari. Ukungu usionata wala kunuka ni maji matupu, na maji matupu yana mlango wake wa kuingilia.

Akainua zulia la mbele upande wa abiria, akalikamua. Maji yakachuruzika. Kisha akachukua chupa ya maji, akayamimina katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, mahali hewa ya nje inapoingilia. Maji yalipaswa kutokea chini ya gari. Hayakutokea hata tone. Akaingiza vidole na kutoa bonge jeusi la majani yaliyooza. Yalikuwa majani ya mkima. Mti huo umejaa katika mashamba ya pande zetu, nami nina mitatu uani, na chini yake ndipo ninapoegesha gari. Majani yalikuwa yameziba matundu ya mfereji. Mvua ilipojaa, maji yakafurika na kuingia ndani kwa njia ya hewa. Zulia likawa sifongo, na kila nilipowasha gari lilirudisha mvuke wake kiooni. Ugonjwa uliotaka kutuua haukuhitaji kipuri chochote, vidole viwili tu.

Kiyoyozi nacho akakipima. Aliweka kipimajoto katika tundu la katikati la dashibodi, kikasoma nyuzi 24. Akafunga geji na kuona kuwa mgandamizo wa gesi uko chini mno. Hapo ndipo siri ya kompresa ilipofichuka. Katika mitambo hii kuna swichi inayohisi mgandamizo, na gesi ikipungua kupita kiasi huikata kompresa umeme ili isijisage bila mafuta, maana mafuta yake husafiri pamoja na gesi. Kompresa yangu ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa imekatazwa kufanya kazi, na aliyeikataza alikuwa na sababu.

Je, gesi ilipotelea wapi? Magari ya umri ule yalijazwa gesi iitwayo R12. Mwaka 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu angani na kuliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali hatari ya jua. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Paul Crutzen. Mkataba wa Montreal wa Septemba 1987, ulioratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, uliweka mpango wa kuziondoa, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuacha kuzitumia. Badala yake ikaja R134a, nayo haiharibu ozoni. Lakini chembe zake ni ndogo zaidi na haipatani na mafuta ya zamani ya kompresa. Anayebadilisha gesi hana budi kubadilisha mafuta na vile vipira vya duara vinavyoziba maungio. Mtu fulani, miaka iliyopita, alibadilisha gesi ya gari langu akaviacha vipira. Msichana alipaka povu la sabuni kwenye maungio, na kwenye moja likafanya mapovu. Kipira kilikuwa kigumu kama mbegu. Bei yake haikufikia ya chai na mandazi.

Aliviondoa vipira vyote vya zamani, akairudisha mipira ya maji moto mahali pake, akatia mafuta yanayofaa, akaitoa hewa yote katika mfumo kwa pampu, kisha akangoja nusu saa akiitazama geji kama inatikisika. Haikutikisika. Ndipo alipojaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kipimajoto kikashuka hadi nyuzi 8.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya kuwadharau mafundi wa jua kali. Taifa hili liliwatambua kwa waraka rasmi wa serikali wa mwaka 1992, na laiti si wao, nusu ya magari ya Embu na Meru yangekuwa mabanda ya kuku. Lawama kubwa ni yetu sisi wateja. Tuko radhi kulipa kipuri kwa kuwa kipuri huonekana. Fikira hatutaki kuilipia. Fundi akisema, “Nipe saa mbili nipime kwanza, na unilipe hizo saa mbili,” tunamwona mwizi. Akisema, “Leta kompresa,” tunamwona bingwa. Kwa hivyo amejifunza kubahatisha, maana kubahatisha ndiko kunakomlisha.

Wapo watakaosema kwamba kiyoyozi cha gari la kifahari ni anasa, na kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Siafiki. Hewa kavu kiooni ni usalama, sawa na breki. Isitoshe, kanuni zinazoendesha kiyoyozi hicho ndizo zinazoendesha jokofu la chanjo katika zahanati na mtambo unaopoza maziwa ya wakulima wetu. Fundi anayebahatisha kwenye gari langu atabahatisha huko pia, na huko hasara haitakuwa ya mtu mmoja.

Aidha, kuna mlima. R134a inayoachiwa hewani hunasa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzani uo huo wa hewa ya ukaa, na ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 yakakubaliana kuzipunguza gesi za aina yake. Kenya ina kanuni tangu 2007 za kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni. Hata hivyo, katika gereji nyingi gesi hufunguliwa ikafanya ‘pssss’ ikaenda zake. Kila mara fundi wangu wa kwanza anapojaza gesi juu ya uvujaji asioutafuta, huipeleka angani yote aliyoiuza. Nasi tunaoishi Embu na Meru tunaitazama barafu ya Mlima Kenya ikisinyaa kila mwaka.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Tumewazoesha wanafunzi kupewa swali wakatoe jibu. Hatujawazoesha kupewa dalili wakatafute swali. Hata katika karatasi ya majaribio ya Fizikia, mtahiniwa hupewa vifaa vilivyopangwa na hatua zilizoandikwa. Anayekariri vizuri hupata alama nzuri. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, uliahidi kubadili hali hiyo. Ahadi hiyo haitatimizwa na vitabu vipya vinavyosomwa kwa mtindo wa kale.

Napendekeza jambo dogo. Kila shule ya upili iliyo karibu na gereji, na ni ipi isiyo karibu nayo, ichague siku moja katika muhula, mwalimu wa Fizikia awapeleke wanafunzi mbele ya gari bovu. Wasiruhusiwe kugusa spana. Wapewe kipimajoto, chupa ya maji, povu la sabuni na daftari. Waandike dalili, wakisie sababu tatu, kisha waseme ni kipimo gani kitakachoiondoa kila moja. Fundi naye alipwe kwa muda wake, maana siku hiyo atakuwa mwalimu. Vyuo vya ufundi navyo vitahini upimaji kwa uzito ule ule wa ufungaji wa vipuri. Na serikali za kaunti, zinazopenda kuwajengea mafundi vibanda, ziwape pia geji na mashine za kukusanya gesi, hata kama ni moja kwa kila soko, itumiwe kwa zamu.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Yule msichana hakuwashinda mafundi watatu na mwalimu mmoja kwa wingi wa elimu. Yote aliyoyatumia nilikuwa nimeyafundisha kwa miaka mingi. Alitushinda kwa sababu aliinua zulia.

Majuzi nilipita tena Nithi, jioni, manyunyu yakianguka. Kioo kilikuwa safi kabisa. Mke wangu alinitazama, akatazama dirisha lake lililofungwa, akaniuliza kama nimekwisha kuikata ile mikima. Nilimjibu kuwa mikima itabaki. Mimi ndimi nitakayesafisha mfereji kila Jumamosi.