Tuta la Reli Iliyong'olewa na Mtalii wa Baiskeli: Rukwa Ijifunze Nini Kutoka Bonde la Lukuledi

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea zaidi ya watalii milioni 2.1 kutoka nje ya nchi. Wengi wao waliishia katika hifadhi za Kaskazini, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Ni wachache waliofika Uwanda wa Juu wa Ufipa, na wachache zaidi walioteremka hadi Kabwe, bandari ya Wilaya ya Nkasi iliyopo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, lipo kundi dogo la wasafiri ambalo umbali haulitishi. Hawa ni watalii wa baiskeli, wanaobeba hema na nguo zao kwenye mikoba ya pembeni ya gurudumu, hutembea kilomita hamsini au sitini kwa siku, hununua chakula kwa mama lishe na hulala nyumba za wageni ambazo basi la watalii halisimami.

Kwa nchi nyingi, njia ambazo wasafiri hao huzipenda kuliko zote ni reli za zamani. Sababu ni ya kihandisi. Treni haiwezi kupanda mlima mkali. Mhandisi wa reli hujitahidi mwinuko usizidi mita mbili hivi kwa kila mita mia moja, na kwa sababu hiyo hufuata bonde la mto, hukata kilima na kujaza korongo. Chuma kikiondolewa, linalobaki ni tuta pana lenye mteremko wa upole ambalo mzee au mtoto anaweza kuliendea kwa baiskeli bila kukatika pumzi. Hispania imekuwa ikizigeuza reli zake zilizofungwa tangu mwaka 1993 na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia hizo. New Zealand ilifunga reli ya Otago ya Kati mwaka 1990. Miaka kumi baadaye tuta lake, lenye urefu wa kilomita 150 hivi, lilifunguliwa kwa waendesha baiskeli. Awali baadhi ya wakulima waliopakana nalo walipinga, wakihofia wageni kukatiza malishoni. Vijiji vilivyokuwa vikififia baada ya treni kuondoka vilipata uhai mpya kutokana na malazi, chakula na kukodisha baiskeli.

Rukwa haina reli ya kugeuza. Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa kuwa mipango mingi ya utalii huharibika pale inapoiga kitu ambacho mahali husika hapana. Reli iliyo karibu ni tawi la Kaliua hadi Mpanda, katika Mkoa jirani wa Katavi, lenye urefu wa kilomita 210. Lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi. Mgodi ulikufa, reli ikabaki, na mpaka leo hubeba abiria na mazao. Kwa hiyo si tuta la kuendeshea baiskeli, nalo halipaswi kuwa hivyo maadamu wananchi wanalihitaji.

Mfano halisi wa nyumbani upo Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika kwa kiwango ambacho hakikuwa kimejaribiwa popote, ikilenga ekari zaidi ya milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, na bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara. Treni za kwanza zilianza mwaka 1949 kutokea Mkwaya, karibu na Lindi, zikipanda kupitia Bonde la Mto Lukuledi. Baadaye reli hiyo iliunganishwa na Mtwara, kisha tawi likafika Masasi. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa. Mpango ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kuwagharimu walipa kodi wa Uingereza takribani pauni milioni 36. Reli iliendelea kubeba mizigo michache hadi ilipofungwa mwaka 1962, na muda mfupi baadaye ikang'olewa.

Hapa ndipo penye somo. Reli ya Mpanda ilimpoteza mteja wake mkuu ikaokoka. Ya Nachingwea ilimpoteza wake ikafa. Tofauti si ya bahati tu. Ya kwanza ilikuwa tawi la Reli ya Kati na iliweza kulishwa na mtandao mzima wa nchi. Ya pili ilisimama peke yake, haikuungana na reli nyingine yoyote, na ilipokosa mzigo haikuwa na pa kuegemea. Lakini kosa kubwa zaidi, kwa mtazamo wa leo, halikuwa kuifunga. Kosa lilikuwa kuiacha ardhi yake bila mwenye kuitunza. Chuma kiliondoka, na kwa miaka zaidi ya sitini ushoroba mzima uliopimwa na kusawazishwa kwa fedha nyingi haukupewa kazi nyingine ya kudumu.

Sasa Serikali ina mpango wa muda mrefu wa kujenga reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ikiwa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma. Ushoroba wa zamani ungekuwa umehifadhiwa, sehemu ya kazi ya upimaji na utwaaji wa ardhi huenda ingekuwa nyepesi. Marekani ililitambua tatizo hilo mwaka 1983, ilipotunga sheria inayoruhusu reli isiyotumika kufanywa njia ya miguu na baiskeli kwa sharti kwamba treni inaweza kurudi siku yoyote itakapohitajika. Njia ya baiskeli kwa mtazamo huo ni mlinzi wa ardhi ya umma, tena mlinzi asiyelipwa mshahara.

Kwa Tanzania jambo hilo lina upande wa pili ambao hauwezi kurukwa. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 inalinda hifadhi ya reli, ambayo kwa kawaida ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini. Lakini tuta ambalo halijaona treni tangu mwaka 1962 lina mwananchi anayeishi juu yake au pembezoni mwake. Kijana aliyezaliwa baada ya reli kung'olewa leo ni babu. Kama alirithi shamba la mikorosho linalokatiza tutani, kwake hiyo ni ardhi ya ukoo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila. Mpango wowote wa utalii unaoanza kwa kumwondoa huyo ili mgeni apite kwa raha utakuwa umeanza vibaya. Otago walianza kwa mazungumzo na wenye mashamba, na hata huko haikuwa rahisi.

Kwa Kabwe, swali ni tofauti kidogo. Sumbawanga ipo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika upo mita 770 hivi. Anayetoka uwandani kwenda ziwani huteremka kilomita nzima kwa wima, na anayerudi huipanda. Mkazi wa Nkasi anayesukuma baiskeli yenye gunia la mihogo au tenga la migebuka hahitaji kuelezwa maana ya takwimu hiyo. Baiskeli katika mkoa huu ni gari la mzigo kwanza, na njia itakayojengwa kwa ajili ya mtalii itatumiwa zaidi na mchuuzi wa samaki na mwanafunzi. Hilo si dosari ya mpango. Ni sababu bora zaidi ya kuupitisha kuliko dola za wageni.

Serikali imekwisha kuweka msingi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ilijenga bandari ya Kabwe kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga ina lami, na lami inashuka pia kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga. Njiani kuelekea huko, karibu na mpaka wa Zambia, kuna Maporomoko ya Kalambo yenye urefu wa zaidi ya mita 200, ambayo kwa upande wa Tanzania yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa katika bonde hilo hilo, upande wa Zambia, walipata magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita. Ni vivutio vichache barani Afrika vinavyoweza kumpa mwendesha baiskeli sababu kama hiyo ya kupanda mlima.

Kinachokosekana ni nafasi ya baiskeli kwenye barabara zenyewe. Barabara za lami zimefupisha safari, lakini zimeongeza kasi ya malori, na mahali ambapo bega la barabara ni jembamba mwenye baiskeli hujikuta akichagua kati ya lori na mtaro. Fursa ya kurekebisha hili hutokea mara moja, wakati wa usanifu. Barabara ya Lyazumbi hadi Kabwe, inayoiunganisha bandari na barabara kuu, inaweza kusanifiwa na njia ya pembeni tangu mwanzo. Aidha, kona kali zinaponyooshwa mlimani, vipande vya barabara ya zamani visiachwe vikamezwa na mmomonyoko. Mteremko wake wa polepole, uliochimbwa kabla ya magari makubwa, ndio unaomfaa mwenye baiskeli.

Vivyo hivyo kwa reli. Mipango ya reli ya kisasa inataja njia ya Kaliua, Mpanda hadi Karema, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyo kaskazini mwa Kabwe. Reli hiyo ya umeme haitaruhusu mtu kuendesha baiskeli ndani ya uzio wake, na sawa iwe hivyo. Lakini ujenzi wa reli huacha nyuma barabara za huduma, na ni hapo ambapo Shirika la Reli, TANROADS, TARURA na halmashauri za Rukwa na Katavi zinapaswa kukaa meza moja mapema ili kuamua barabara ipi ya huduma itabaki kwa wananchi na nani ataitunza. Wizara ya Maliasili na Utalii ingeongeza kwenye meza hiyo swali la njia ya kupitia Sitalike, ambako barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa Katavi yenye tembo, simba na mbung'o, na ambako mwendesha baiskeli hapaswi kuachwa aamue mwenyewe.

Bajeti ya jambo hili si kubwa ikilinganishwa na ya daraja moja. Gharama yake halisi ni ya ardhi na uamuzi: kuandika kwenye ramani za vijiji, kabla ya mashamba na vibanda kufika, kwamba mita kadhaa za pembeni ni za mwenye miguu na mwenye baiskeli. Katika Bonde la Lukuledi uamuzi huo haukufanyika mwaka 1962. Kwa Kabwe na Karema bado haujapitwa na wakati.