Rangi au Beringi?

Katika toleo lililopita la gazeti hili tulisoma kwamba ndugu zetu wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani wameanza kukusanya fedha ili pikapu ya shule ipakwe rangi mpya, na jina la shule liandikwe mlangoni kabla ya sherehe za mwakani. Kwa wema huo twawashukuru sana. Gari limechakaa kweli, na mgeni akiliona langoni hawezi kujua kama ni la shule au la mchuuzi wa viazi. Lakini naomba ruhusa ya kusema, kwa heshima yote, kwamba fedha za kwanza zisiende kwenye rangi. Ziende kwenye ekseli ya nyuma.

Yeyote apitaye nyuma ya jiko jioni, gari likiwa limesimama, na ainame alitazame gurudumu la nyuma la kushoto kwa upande wa ndani. Ataona uchafu mweusi umetiririka juu ya tairi, na vumbi limeshikamana nao. Akiugusa ataona ni mafuta mazito, yenye kunuka kama kiberiti. Basi hayo si mafuta ya breki, maana yale ni mepesi. Ni mafuta ya difu, na mahali pake ni ndani ya ekseli, si juu ya tairi.

Kwa wale ambao hawajapata kuona ekseli ikifunguliwa, nitaeleza kidogo. Katika pikapu kama yetu, Toyota Hilux, kila gurudumu la nyuma limefungwa kwenye shafti moja ndefu ya chuma. Ncha ya ndani ya shafti ina meno yanayoingia katika difu. Karibu na ncha ya nje pana beringi, na beringi hiyo moja ndiyo inayobeba uzito wote wa upande ule. Mdomoni mwa nyumba ya ekseli pana sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaolamba shafti ili mafuta yasitoke. Yakipita hapo, yanakwenda moja kwa moja ndani ya dramu ya breki.

Hapo ndipo penye hatari. Breki hufanya kazi kwa msuguano, nasi sote tumefundishwa darasani mafuta hufanya nini kwa msuguano. Gurudumu moja likishika na jingine likiteleza, gari huvuta upande mmoja. Tena breki ya mkono nayo hushika magurudumu hayo hayo ya nyuma, kwa hiyo usiseme kwamba utaokolewa nayo. Wenzangu mnaijua njia yetu. Mnajua mteremko wa Kanaba kushuka Kisoro, jinsi kona zinavyofuatana na bonde lilivyo chini. Katika gari hilo hupanda Metroni na mgonjwa usiku, hupandishwa magunia ya viazi, na Jumamosi hupanda timu nzima ya mpira, wengine wamesimama nyuma wakiimba.

Nimesikia ikisemwa kwamba jambo hili limekwisha kushughulikiwa, kwani sili imebadilishwa mara mbili tangu mwaka jana. Ni kweli, nami niliiona sili mpya mara zote mbili. Lakini kitu kikibadilishwa mara mbili na ugonjwa ukarudi mara mbili, yafaa tuulize kama ugonjwa uko pale tulipoutafuta. Mimi naona tumekuwa tukimtibu aliyeumia na kumwacha aliyemwumiza.

Kwanza ni beringi yenyewe. Beringi ikichakaa, shafti haizunguki tena katikati, inachezacheza. Mdomo wa sili hauwezi kuifuata shafti inayocheza, hata ukinunua sili bora kuliko zote. Dereva wetu, mzee mwenye masikio mazuri, alikwisha kusema kwamba upande ule unanguruma, na mngurumo huzidi kadiri mwendo unavyozidi, hata akibadili gia haubadiliki. Hiyo ni sauti ya beringi. Kama kuna asiyesadiki, gari na lipigwe jeki, magurudumu ya mbele yatiwe mawe, kisha gurudumu lile lishikwe juu na chini na kutikiswa.

Pili ni kipumulio. Juu ya nyumba ya ekseli pana kifuniko kidogo chenye tundu, ambacho wengi hawakioni kabisa. Kazi yake ni kuitoa hewa difu inapopata moto. Matope yakikiziba, hewa iliyopanuka hutafuta njia nyingine, nayo husukuma mafuta yapite kwenye sili. Mwezi uliopita dereva aliniruhusu kuingia chini ya gari. Kipumulio chetu kilikuwa kimefunikwa na udongo mgumu kama tofali. Kukisafisha hakuna gharama ila dakika chache na kitambaa.

Tatu ni namna ya kurudisha shafti. Shafti ni nzito, na meno ya ncha yake ni makali. Mtu mmoja akiisukuma peke yake huilaza juu ya sili mpya, na meno hukata ule mdomo mwembamba kabla gari halijaondoka gereji. Inatakiwa watu wawili, mmoja akiinyanyua ili iingie sawasawa, na sili ipakwe grisi kwanza. Pia shafti ichunguzwe pale sili inapolamba, maana ikiwa imechimbika mfereji, sili mpya itavuja tu.

Na zile shuu za breki zilizokwisha kunywa mafuta? Nimeona katika gereji moja mjini zikioshwa kwa petroli na kurudishwa. Juu juu hukauka. Zikipata moto mafuta hutoka tena ndani yake. Zibadilishwe, na za magurudumu yote mawili, ili zishike sawa.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kuvuja. Shafti hii haizuiwi isitoke kwa nati kubwa katikati ya gurudumu, kama wengi wanavyodhani. Inazuiwa na pete ya chuma iliyosukumwa kwa nguvu juu yake nyuma ya beringi, nayo hushika kwa kubana tu. Katika aina nyingine huongezwa klipu. Pete ikilegea, shafti hutoka nje pamoja na gurudumu na dramu. Malori makubwa mengi hayako hivyo: kwao gurudumu hukaa juu ya nyumba ya ekseli, na hata shafti ikivunjika gurudumu hubaki mahali pake. Sisi hatuna bahati hiyo. Kwa hiyo pete iliyotolewa isirudishwe kamwe, hata kama inang'aa, na beringi isipigwe nyundo mpaka ikae. Kazi hiyo inataka mashine ya kusukuma yenye nguvu ya tani nyingi, na mtu anayeijua.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, na mwanafunzi wa mwaka wa sita ashike vitabu vyake. Sikubaliani nao. Shafti haiwezi kusukumwa beringi hapa shuleni, lakini kufungua gurudumu, kusafisha, kutazama na kuuliza twaweza, na mwalimu wetu wa fizikia angepata somo zuri kuliko vile vigari vya mbao tunavyoviteremsha juu ya meza.

Ombi langu kwa ndugu wa zamani ni hili: beringi mbili, pete mbili mpya, sili za ndani na za nje pande zote mbili, shuu za nyuma, mafuta ya difu mapya yanayofika usawa wa tundu la kujazia bila kuzidi, na breki zitolewe hewa baada ya mabomba kufungwa tena. Wapate risiti ya kila kitu, na vyuma vya zamani virudi shuleni tuvione. Fedha ikibaki, na ipakwe rangi. Kama itatosha mlango mmoja tu, jina la shule si refu, litaenea hapo.