Kukaba si kukimbizana tu

Juzi nikiwa kwenye matatu kutoka tao kwenda Kangemi, makanga na abiria mmoja walianza kubishana kuhusu Harambee Stars. Abiria alisema kocha Benni McCarthy alituletea vurugu badala ya mpira: vijana wanamvamia kila mtu aliyegusa mpira, wanakula kadi nyekundu, halafu siku ya siku tunafungwa. Makanga akamjibu kwamba afadhali vurugu kuliko uoga. Nilishuka ubishi ukiwa bado moto, kwa hiyo nitaumalizia hapa. Na niseme mapema: niko upande wa makanga, ila sababu zetu si moja.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Oktoba 2024, chini ya Engin Firat, tulichapwa 4-1 na Cameroon kule Yaoundé. Nilivyoiona timu ya wakati ule, ilikuwa ikirudi nyuma na kumwachia mpinzani nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua pasi. McCarthy alipoichukua Machi 2025 mambo hayakubadilika kwa usiku mmoja. Sare ya 3-3 na Gambia, kisha tukafungwa 2-1 na Gabon hapa Nyayo. Mabao matano katika mechi mbili!

Halafu ikaja CHAN, Agosti 2025, pale Kasarani. Tuliifunga DR Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Tukaongoza kundi kwa pointi 10. Robo fainali tukatoka 1-1 na Madagascar na kuondolewa kwa penalti. Katika mechi hizo tano, ukiacha zile penalti za mwisho, nyavu zetu zilitikiswa mara mbili tu. Na hiyo Morocco ndiyo iliyobeba kombe. Katika mashindano yote, sisi peke yetu ndio tuliowafunga.

Abiria yule angeniuliza, na zile kadi je? Ni swali la haki. Dhidi ya Angola, Marvin Nabwire alitolewa dakika ya 21. Siku tatu baadaye, dhidi ya Morocco, Chrispine Erambo akatolewa karibu na mapumziko. Mechi mbili mfululizo tulimaliza tukiwa kumi. Ukiwaambia wachezaji wakabe kwa nguvu, hiyo ndiyo bei yake, na kuna siku utailipa.

Lakini angalia kilichofuata. Baada ya kadi ile ya Nabwire, Angola hawakupata bao tena. Morocco walipewa kipindi kizima cha pili dhidi ya watu kumi na hawakupata kitu. Tulipopungua hatukuweza tena kuwafuata watu hadi langoni kwao. Tulirudi nyuma, lakini tulirudi pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nguvu ya timu ile haikuwa ubabe. Ilikuwa ni kusogea kwa wakati mmoja.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na jambo hili nalijua kwa njia yangu. Unaweza kuwa na sehemu kumi na moja, kila moja ukiijaribu peke yake inafanya kazi vizuri kabisa. Ukiziunganisha mfumo unaanguka, kwa sababu moja inatuma ujumbe kabla nyingine haijawa tayari kupokea. Kukaba kuanzia juu ni hivyo hivyo. Mshambuliaji akimkimbilia beki wao na viungo wetu wakabaki nyuma, hajasaidia chochote. Amefungua mlango katikati. Kiungo akichelewa nusu sekunde, anafika mguu wa mtu badala ya mpira, na refa anaingiza mkono mfukoni.

Sasa tazama tofauti. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Vijana wale wanakutana wiki baada ya wiki kwenye ligi yetu, wengine ni wa klabu moja, na walikaa kambini pamoja kabla ya mashindano. Tarehe 5 Septemba 2025, wiki mbili kamili baada ya ile mechi ya Madagascar, uwanja ule ule wa Kasarani, Gambia walitufunga 3-1. Safari hii kikosi kilichanganya wa hapa na wanaocheza ng'ambo, ambao walikuwa na siku chache tu za mazoezi. Nilichokiona ni wawili watatu kusogea na wengine kubaki. Novemba ya mwaka huo, katika mechi ya kirafiki kule Uturuki, Senegal walitupiga 8-0. Senegal ni Senegal, najua, lakini mabao manane hayaji kwa sababu ya vipaji peke yake.

Kwa hiyo nasema hivi. Tusiutupe mtindo huu kwa sababu ya kadi mbili na kipigo kimoja kikubwa. Lakini pia tusidhani kwamba kuwaambia vijana "kabeni!" kunatosha. CAF ilitupa AFCON ya 2027 sisi, Uganda na Tanzania, na aibu ya nyumbani haina pa kufichwa. Timu za vijana zifundishwe ukabaji huo huo, ili mchezaji anayepanda asianze upya. Siku za kimataifa zikiwa chache, uti wa mgongo wa timu, yaani mabeki wa kati na kiungo wa chini, usibadilishwe kila mara. Na wafundishwe lini wasiende kwenye mpira. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi.

Makanga alisema kweli, uoga hautatufikisha popote. Ila ujasiri wa mtu mmoja mmoja nao ni kadi nyekundu inayosubiri dakika yake.

Haya, nawe unaonaje?