BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Ndama Kipofu na Mama Mwenye Tezi



Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya kupogoa kahawa. Nisameheni, kahawa itasubiri. Nimekutana na jambo huku Uru, kwenye vihamba vya juu. Wenyewe wameniomba niliandike ili wengine wajifunze. Majina yao sitayataja.

Niliitwa kumwona ndama wa miezi 5. Nilimkuta amesimama bandani, kichwa amekigandamiza ukutani. Alikuwa anasaga meno. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Alikuwa haoni.

Baba mwenye nyumba alidhani ni mrututu, kwa sababu majani ya ndama yalikatwa chini ya kahawa iliyopigwa dawa. Halikuwa wazo baya. Mrututu una madini ya shaba. Kondoo akila majani yenye mrututu siku nyingi, shaba hujikusanya katika ini lake, kisha huanguka ghafla na kufa. Lakini kondoo huyo macho huwa ya manjano na mkojo huwa mwekundu wa kuelekea weusi. Ndama huyu hakuwa hivyo.

Nikazunguka nyumba. Nyuma ya jiko nikakuta rundo la betri kuukuu za magari. Baba yule hununua betri, huzipasua, huyeyusha mabamba ya ndani, kisha huuza madini yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Udongo wa pale ulikuwa na unga wa kijivu. Mchana ndama alifungwa hapo hapo, naye alikuwa akilamba. Ng'ombe hupenda sana kulamba betri zilizopasuka.

Madini yale yanaitwa risasi. Ndiyo madini yanayotengenezewa risasi za bunduki, na ndiyo maana majina yamefanana. Ni madini mazito. Yakiingia mwilini hayatoki upesi. Hukaa katika ini, figo na mifupa, na huharibu ubongo.

Ndama alikufa siku ya pili. Majirani walikuja na visu wagawane nyama. Nilikataa, na wengine walinikasirikia. Lakini risasi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchoma. Tulichimba shimo refu mbali na mfereji, tukamfukia.

Wakati tunafukia, mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alikuwa na mimba ya miezi 4. Shingoni alikuwa na uvimbe wa tezi. Nilimwuliza hali yake. Akajibu, "Bwana Shamba, mimi ni mchovu tu. Hii tezi itanimaliza."

Hapa nieleze kidogo. Shingoni kila mtu ana tezi. Tezi hiyo hutengeneza homoni na kuitia katika damu. Homoni ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Hupita kila mahali mwilini na kutoa habari: fanyeni kazi haraka, au fanyeni polepole. Ili tezi itengeneze homoni inahitaji madini joto. Huku milimani mvua ya miaka mingi imeyaosha madini joto kutoka katika udongo, hivyo vyakula vyetu vina kidogo. Ndiyo sababu tunaambiwa tununue chumvi yenye madini joto, tuifunike vizuri, na tuitie chakula kinapokaribia kuiva.

Tezi ya mama huyu ilikuwa imelegea. Homoni ilikuwa kidogo. Hospitali walimpa vidonge, naye alivimeza miaka 2. Mwanzoni alipata nafuu. Baadaye uchovu ukarudi, choo kikawa kigumu, tumbo likauma. Vidonge vikaongezwa. Nafuu hakuiona.

Mimi si daktari. Nina cheti cha kilimo tu. Lakini nilikuwa nimetoka kumfukia ndama. Nikamwuliza, "Mama, unakula udongo?" Akacheka kwa haya, akaficha uso kwa kanga. Ndiyo, tangu mimba ilipoanza alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jiko. Ukuta ule ule wa nyuma.

Kesho yake mume wake alimpeleka hospitali. Safari hii walimweleza daktari habari yote: betri, ndama na udongo. Damu ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yaliporudi, risasi ilikuwemo. Kumbe uchovu, choo kigumu na upungufu wa damu huletwa na tezi iliyolegea, na huletwa na risasi pia. Ugonjwa mmoja ulikuwa umejificha nyuma ya mwingine. Daktari wa tezi asingeweza kuujua, maana hakuna aliyemwambia juu ya betri.

Sasa yakaja maneno ya watu. Shangazi mmoja alimshauri aache vidonge vya tezi, asafishe sumu kwanza, kisha avirudie. Mtu mwingine alileta chupa ya dawa ya kusafisha damu, akataka fedha. Mama alikuwa karibu kukubali. Namshukuru mume wake. Aliibeba ile chupa mpaka hospitali ili aulize.

Daktari alikataa yote mawili. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya kwanza, hutegemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ukue. Mama akiacha vidonge, mtoto hukosa. Na risasi nayo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, ikaenda kwenye ubongo ule ule. Kwa hiyo matibabu yalikwenda pamoja, na kipimo cha damu ya tezi kikarudiwa mara kwa mara, kwa kuwa mwanamke mjamzito huhitaji homoni zaidi.

Kulikuwa na kosa jingine, dogo lakini kubwa. Mama alikuwa anameza vidonge vyote kwa mara moja, cha tezi na cha kuongeza damu, pamoja na chai ya maziwa. Madini ya chuma na ya kalsiamu hukizuia kidonge cha tezi kisiingie mwilini. Udongo nao huzuia chuma. Sasa anafanya hivi. Saa 12 asubuhi anameza kidonge cha tezi kwa maji matupu. Saa 1 anakunywa chai. Saa 6 mchana anameza vidonge vya kuongeza damu, na jioni vya kalsiamu. Kati ya kidonge cha tezi na hivyo vingine yapite masaa 4 au zaidi. Chuma na kalsiamu zina faida nyingine pia: mwili wenye njaa ya madini hayo hufyonza risasi nyingi zaidi.

Dawa ya kuvuta risasi mwilini ipo. Hutolewa na daktari kwa watu wenye risasi nyingi sana, maana huondoa na madini mengine mwili unaoyahitaji. Mama huyu hakupewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2021, na jambo la kwanza ndani yake ni kutafuta sumu inatoka wapi na kuizuia. Kumpa mtu dawa huku bado analala kwenye unga wa risasi ni kama kukinga maji ndani ya nyumba bila kuziba paa.

Msifikiri mambo haya ni ya kihamba kimoja tu. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007. Wananchi na watoto wao waliugua. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua kwa risasi. Aliwaongoza wenzake mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Nyumbani kwa yule fundi betri zimeondolewa. Ukuta wa jiko umepigwa lipu. Pale nyuma tulitoa udongo wa juu, tukamwaga mwingine safi, na nimewakataza kukata majani ya ng'ombe au kupanda mchicha hapo. Sakafu hupigwa deki kwa maji. Haifagiliwi kavu, maana vumbi huruka. Baba amekosa fedha za betri na hakufurahi. Sasa anatengeneza baiskeli.

Mtoto amezaliwa, msichana wa kilo 2.8. Damu yake imepimwa, risasi imo kidogo, na atapimwa tena. Mama ananyonyesha, na kidonge chake cha tezi kimepunguzwa kama daktari alivyosema kingepunguzwa baada ya kujifungua. Udongo anasema ameacha. Mume wake anasema bado anaunusa ukuta mvua ikinyesha.

Kahawa ni mwezi ujao. Noeni mikasi.