MAONI YETU: TAIRI KUBWA, GIA ZILE ZILE



Hoja ya kuifungia pikapu yetu matairi ya inchi 31 badala ya 28, ili isikwame matope ya masika, sisi hatuiungi mkono. Kuinuka gari litainuka, inchi moja na nusu. Lakini tairi kubwa likizunguka mara moja huenda mbali zaidi. Hivyo hata namba moja inakimbia zaidi na kuvuta kidogo. Nguvu hupungua karibu sehemu moja katika kumi. Haya, lipakie magunia ya vitunguu, ulipandishe mlima! Dereva atasugua klachi mpaka iungue. Breki nazo zitalemewa, na mita ikisoma 50, kweli mnakwenda 55. Dawa yake ni kubadili meno ya difu, fedha ambayo hatuna. Tununue matairi ya kashata, kipimo kile kile, na Jumamosi tutoke na majembe tuzibue mitaro ya barabara.